Kusoma gegedu la goti kwenye picha za MRI: kwa ninyi mnaoanza kazi

Wagonjwa wengi wa goti wanaofika kwetu Kisumu huja na bahasha ya eksirei mkononi, nanyi mnapaswa kuitazama kabla hata ya kumlaza mgonjwa kitandani. Ikiwa ilipigwa mgonjwa akiwa amesimama, itawaonyesha jinsi nafasi kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi ilivyobanwa na uzito wa mwili, jambo ambalo picha za mtu aliyelala haziwezi kulionyesha vilevile. Gegedu lenyewe, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, hata hivyo, halionekani humo. Ngazi za Kellgren na Lawrence za mwaka 1957, za kupima uchakavu wa kiungo kwenye eksirei, zinazoanzia 0 hadi 4, hutegemea hasa vinundu vya mfupa na nafasi hiyo, nayo nafasi yaweza kupungua kwa sababu meniskasi (mto mdogo ulio kati ya mifupa hiyo) imesukumwa nje ya mahali pake, ilhali gegedu bado lipo.

Kwa kuwa sumaku ya MRI huvuta chuma, maswali ya usalama yaulizwe kwa lugha anayoizungumza mgonjwa nyumbani, Kijaluo ikibidi. Fundi wa kuchomelea vyuma wa jua kali huenda akajibu kwamba hana chuma mwilini, akidhani mnamuuliza habari za upasuaji. Mwulizeni waziwazi kama kipande cha chuma kiliwahi kumwingia jichoni.

Kuhusu kumlaza mgonjwa, namkumbuka mama mmoja muuza omena ambaye goti lake halikunyooka kabisa. Tulirudia picha za mwanzo mara mbili ndipo tukagundua kwamba paja lilikuwa likitetemeka kwa jinsi alivyojikaza ili mguu ulale. Tuliweka shuka iliyokunjwa chini ya goti, tukajaza sponji pembeni mwa koili (kifaa kinachozunguka goti na kupokea mawimbi yake), na picha zikatoka safi. Gegedu lina unene wa milimita chache tu, kwa hiyo mtikisiko mdogo unatosha kuuficha ufa.

Kosa ninalotaka mlikwepe zaidi nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Kwenye tao la mfupa wa paja niliona sehemu ya gegedu inayong'aa, nikaandika kwamba limeanza kulainika. Daktari aliyekuwa akinisimamia akafungua picha za goti lilelile zilizochukuliwa kwa mwangwi mrefu, yaani mashine ikisubiri zaidi kabla ya kupokea mawimbi kutoka mwilini, na mng'ao ule haukuwepo. Nyuzi za kolajeni zikilala kwa pembe ya takriban digrii 55 na uga wa sumaku, gegedu lisilo na ugonjwa wowote hung'aa kwenye picha za mwangwi mfupi kana kwamba limevimba. Tangu siku hiyo siandiki dosari ya gegedu mpaka niione katika pande mbili za ukataji, na mng'ao peke yake, bila ufa wala upungufu wa unene, huutilia shaka kwanza. Kwa gegedu la kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti, anzeni na picha za mkato wa kukingama, kwa kuwa zile za upande hudanganya ukingoni, ambapo gegedu na maji huchanganyika ndani ya kipande kimoja cha picha.

Mkiandika ripoti, neno "limechakaa" halimsaidii daktari wa mifupa. Mwambieni ni sehemu ipi ya goti, kina kimefika wapi, na dosari ina upana wa milimita ngapi. Ngazi za dosari za gegedu za daktari wa upasuaji Outerbridge, za mwaka 1961, zilitokana na yale aliyoyaona kwa macho wakati wa upasuaji. Zilivyorekebishwa kwa MRI, ngazi ya 2 ni dosari isiyofika nusu ya unene, ya 3 imepita nusu, na ya 4 imefika mfupani.

Kisha tazameni mfupa ulio chini yake. Gegedu halina neva, kwa hiyo maumivu hutoka kwingine: kwenye uboho uliovimba, kwenye utando wa kiungo, au kwenye maji yaliyojaa. Yule mama wa omena alikuwa na ngazi ya 4 nyuma ya kilegesambwa, na kama tungeishia hapo tungedhani tumepata jibu. Lakini kabla ya kumwingiza mashinani tulikuwa tumemwomba aweke kidole mahali panapouma, tukabandika hapo kidonge cha mafuta ya samaki, ambacho hung'aa kwenye picha. Kidonge kilikuwa upande wa ndani wa goti, na moja kwa moja chini yake, kwenye mfupa wa muundi, uboho ulikuwa umevimba.