Ninunue mashine ya kuoshea santuri iliyotumika?

Swali: Fundi, shikamoo. Marehemu baba ameniachia santuri zipatazo mia tatu. Nyingi ni LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, chache ni za 45, na kuna kasha moja la zile nzito za 78 (namba hizo ni mizunguko kwa dakika). Zimekaa miaka bila kuguswa. Vumbi limeganda na baadhi zina ukungu. Nimeonyeshwa mashine ya kuoshea iliyotumika, ile inayofyonza maji kwa mota. Muuzaji anasema haina tatizo lolote. Kibati cha nyuma kimeandikwa 120V 60Hz, na umeme wangu ni 240. Ninunue? Na nikiinunua niweke maji gani? Rafiki yangu anasema spiriti tupu ndiyo inayoua ukungu.

Jibu: Marahaba, na pole kwa kufiwa. Nianze na spiriti, maana kosa lake halina marekebisho. Santuri nyingi za 78 ni za shelaki, aina ya gundi inayotolewa na wadudu, ikachanganywa na unga wa mawe. Maseremala wanaijua vizuri: huiloweka kwenye spiriti ikayeyuka, wakapaka mbao zing'ae. Ukiimwagia santuri ya shelaki spiriti, nayo itafanya hivyo hivyo, na muziki utaondoka na kitambaa. LP ni za vinili, aina ya plastiki, hizo hazitayeyuka, lakini bado nakukataza spiriti tupu kwa sababu ya mashine yenyewe. Mota ya kufyonza huwa na kaboni, vijiti vidogo vinavyosugua ndani yake kupitisha umeme, zinazotoa cheche, na hewa inayotoka kwenye santuri hupita jirani nayo. Mvuke wa spiriti na cheche ndani ya sanduku moja si jambo la kujaribu. Isitoshe, mikono na vifuniko vya baadhi ya mashine ni plastiki ya akriliki, ambayo spiriti huipasua nyufa nyembamba kama nywele.

Sasa mashine. Mimi sina ugomvi na iliyotumika. Ni kifaa cha mambo machache: sahani inayozunguka, mkono wenye mwanya mrefu, tangi la maji machafu, na mota ambayo aghalabu ni ndugu wa ile ya kifyonza vumbi cha nyumbani. Vikitunzwa hudumu sana. Ila mashine ya namna hii hukuuzia pia uchafu wa mwenye nayo wa kwanza, na usipoukuta wewe, santuri za baba yako zitaukuta.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, kabla ya kuuliza bei, pindua ule mkono wa kufyonza utazame kando ya mwanya wake. Utaona vipande viwili vya kitambaa cha mahameli, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo vinavyogusa santuri. Chukua tochi na kioo cha kukuzia. Mahameli mazima husimama kama nyasi fupi zilizokatwa sawasawa. Yaliyochoka hulala upande mmoja, yakapata upara katikati, na mara nyingi utakuta punje za mchanga zimejibanza kwenye mizizi ya manyoya. Punje moja ikizungushwa mara mbili juu ya LP inatosha kuchora mstari utakaousikia milele. Mfereji wa LP, ule ambamo sindano hupita, una upana unaokaribia ule wa unywele wa kichwani, huo ndio ukubwa wa kitu unachokilinda. Mahameli yaliyochoka peke yake si sababu ya kuikataa mashine, kwani hubanduliwa yakabandikwa mapya. Ni sababu ya kupunguziwa bei, na ya kutokuruhusu santuri yako yoyote iguswe mpaka yabadilishwe.

Kisha tangi. Hapa nina kovu. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa macho tu. Ilikuwa imefutwa ikameta. Nikailaza ubavu kwenye buti la gari, nikafika nyumbani, nikaichomeka. Ikaguna, ikatoa harufu ya dimbwi lililooza, halafu moshi. Mwenye nayo hakuwahi kulimwaga tangi hata siku moja, na mimi sikuuliza. Nilipoilaza, maji yale yalitiririka moja kwa moja hadi kwenye mota. Nilijifunza kwa gharama ya mota nzima kwamba mashine hii hubebwa ikiwa wima na tangi likiwa tupu. Omba limwagwe mbele yako. Yakitoka maji meusi yenye utelezi, ujue ndani kuna ukungu na itabidi ulisuuze mara kadhaa kabla ya kazi. Yakitoka na kutu, ujue kuna chuma kinacholika mahali.

Baada ya hapo usikubali kusikilizishwa mashine ikiwa kavu. Mota ya kufyonza hupiga kelele hata ikiwa taabani, kwa hiyo kelele si ushahidi. Nenda na LP yako mbovu isiyokuuma na kichupa cha maji. Loanisha upande mmoja wote, weka mkono, washa mota, uhesabu mizunguko. Mizunguko miwili ikiisha, santuri iwe kavu. Pakibaki pete ya maji karibu na lebo tu, mahameli ya upande huo yamechakaa au mkono umekaa juu kidogo, na hilo ni jambo la dakika kumi. Pakibaki majimaji kila mahali, nguvu imepotea: ama mpira wa ndani umepasuka, ama tangi linavuja hewa, ama mota imechoka.

Wakati inafyonza, itazame sahani. Mkono ukishika santuri, sahani isisite wala kurukaruka. Ikisimama, huenda mkanda au gurudumu la mpira linateleza, kosa ambalo hurekebika. Sikiliza pia: mlio mwembamba unaopanda na kushuka ni wa beringi, harufu ya kuungua pamoja na cheche nyingi ni kaboni zilizokwisha. Kaboni ni kitu cha kawaida kubadilisha. Beringi zikipiga kelele, mimi huhesabu kwamba nanunua mashine isiyo na mota, na bei naitaja kwa hesabu hiyo.

Kuhusu umeme. Mashine ya 120V ukiichomeka kwenye 240 inakula nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na haitakupa muda wa kuizima. Unahitaji transfoma ya kushusha. Soma wati kwenye kibati hicho hicho cha nyuma, kisha tafuta transfoma inayobeba angalau mara mbili yake, kwa sababu mota hizi huvuta umeme mwingi sana sekunde ya kwanza zinapoamka. Transfoma ndogo za kuchajia vifaa vidogo hazifai kabisa. Na ile 60Hz isikutie hofu sana: mota ya kufyonza yenye kaboni haijali. Mota ya sahani ndiyo inayoweza kupunguza mwendo kwa sababu hufuata mapigo ya umeme; iliyokuwa ikizunguka mara 18 kwa dakika itazunguka 15. Ingekuwa ni ya kupigia muziki ungelia, lakini kwa kuosha hutaona tofauti. Piga hesabu ya bei ya transfoma uiongeze juu ya bei ya mashine. Huenda ukakuta ya 240V iliyotajwa ghali zaidi ndiyo rahisi.

Ungeonyeshwa aina nyingine ningekujibu tofauti. Zile alizoanza kuunda Keith Monks wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 hufyonza kwa mrija mwembamba, na uzi wa nailoni hutenganisha mrija na santuri. Ziko kimya na ni bora, ila zina pampu inayohitaji fundi anayezijua. Zile za mawimbi ya sauti hutikisa maji kwenye beseni, na ikiwa imetumika sana mimi huiacha, maana uchovu wake hauonekani kwa macho.

Tuje kwenye maji. Maji ya bomba yana chokaa na chumvi zinazobaki mferejini yakikauka, kwa hiyo tumia yaliyokenekwa. Wengi huyaita maji ya betri, na hapo kuwa macho: kuna mahali jina hilo hilo hutumika kwa tindikali ya betri. Soma chupa, usichukue kwa jina. Maji peke yake hujikusanya matone juu ya vinili bila kushuka mferejini, ndiyo maana huongezwa sabuni kidogo mno, matone mawili matatu kwa lita, isiyo na manukato wala rangi wala mafuta ya kulainisha mikono. Wapo wanaoongeza alkoholi ya isopropili kwa LP zenye grisi ya vidole. Sikatai ikiwa haizidi sehemu moja kwa tano ya mchanganyiko, chumba kina hewa, na kasha la 78 liko mbali. Mimi mwenyewe siku hizi situmii. Kuloweka dakika mbili tatu kumenitosha.

Santuri zenye ukungu zitenge leo. Zitoe kwenye bahasha za ndani, bahasha hizo uzitupe, na santuri zenyewe uzipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umefunga barakoa na kuvaa glavu. Ziwe za mwisho kuoshwa, na mahameli uyaoshe mara baada yake.

Kuosha kwenyewe: panguza vumbi kavu kwanza, maana vumbi likilowa huwa tope. Mwaga maji yako yenye sabuni sahani ikizunguka, yasambaze kwa brashi ukifuata mfereji, si kuukata, na lebo usiilowanishe. Acha santuri iloweke, ongeza kidogo ukiona inaanza kukauka. Fyonza mizunguko miwili. Kisha, na hapa ndipo watu huchoka mapema, suuza: maji yaliyokenekwa matupu, brashi nyingine isiyoijua sabuni, fyonza tena. Sabuni iliyobaki ndiyo ule ute mweupe unaojikusanya kwenye ncha ya sindano baada ya nyimbo mbili. Usizidishe mizunguko ya kufyonza ukidhani unaikausha vizuri. Mahameli yakisugua santuri iliyokwisha kukauka huzalisha umeme tuli, na itaita vumbi lote la chumbani.

Upande wa pili una mtego wake. Ukigeuza santuri, upande uliokwisha kuusafisha unalala juu ya mkeka wa sahani uliolaliwa na upande mchafu. Kuwa na mikeka miwili: mmoja wa upande wa kwanza, mwingine wa upande wa pili, na uitie alama isichanganyike. Kwa mashine yenye kelele hii, ziba masikio pia, na baada ya santuri nne au tano ipumzishe, kwa sababu joto la mota halina pa kutokea ndani ya sanduku.

Za 78 zioshe siku yake peke yake. Maji na sabuni tu, usiloweke, fyonza mara moja. Iliyopasuka usiiingize majini: nyingine zina tabaka la karatasi katikati linalofura. Ukikuta santuri nyeusi inayoonyesha bati ukingoni au kwenye tundu, hiyo huenda ni ya kurekodiwa papo hapo, nakala pekee duniani. Usiioshe hata kidogo, iachie wenye maktaba za sauti. Halafu mkono wa mashine yako umekatwa kwa santuri ya sentimita 30. Za 78 nyingi zina sentimita 25 na za 45 zina 18, hivyo sehemu ya mwanya itabaki nje ikivuta hewa ya bure na nguvu itapotea. Muulize muuzaji kama mikono mifupi ipo. Kama haipo, ziba urefu uliozidi kwa utepe unaobanduka.

Wala usitarajie miujiza kwa zote. Inamishe LP chini ya taa: mifereji inayong'aa huku ikiwa na vumbi itapona, iliyofifia rangi ya majivu imeshaliwa na sindano mbovu ya zamani, na mkwaruzo wake utabaki hata ikioshwa mara kumi. Anza na tano za aina hiyo. Ukimaliza, pindua mkono utazame mahameli kwa kile kioo chako. Yakiwa safi, ndipo umlete baba sebuleni.