Kapewa mkono wa bandia, mbona hauvai?

SWALI: Habari dokta. Mdogo wangu alikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko na mashine ya kukoboa mpunga, tukahangaika mpaka akapata mkono wa bandia, ule wa mikanda na waya wenye ndoano mbele. Kauvaa siku chache akautundika, anasema unamchosha bega, halafu usiku analalamika vidole vilivyokatwa vinamuuma. Mama anasema karogwa. Tufanyeje? Dada yake, Ifakara.

JIBU: Pole sana dada, na mdogo wako mfikishie pole zangu. Nianze na hayo maumivu, mwambie mama hajarogwa na wala hadanganyi. Mishipa ya fahamu iliyokuwa inaenda vidoleni imekatwa ila ipo, na ubongo bado unautambua ule mkono, ndo maana anausikia unauma kabisa, naomba nyumbani mtu asimbishie. Kama kidonda kimeshapona asugue kigutu kila siku na kitambaa laini, akizoea ahamie taulo. Pia kuna zoezi la kioo: kioo kisimame katikati ya kifua, mkono mzima uwe mbele yake, kigutu kijifiche nyuma, aangalie kwenye kioo huku anafungua na kufunga ngumi polepole kama dakika kumi na tano hivi. Wengine linawasaidia sana wengine hapana, na asipopata nafuu aende hospitali kuna dawa za maumivu ya mishipa.

Sasa huo mkono wenyewe. Mimi linaniuma sana hili, mtu anakabidhiwa kifaa anaambiwa nenda, hajafundishwa kwamba kinaendeshwa na bega! Akisukuma bega mbele huku ananyoosha mkono waya unavutika na ndoano inafunguka, akilegeza, ile mipira (rababendi) iliyofungwa kwenye ndoano inaifunga. Mtu amekaa muda mrefu kakumbatia kigutu tumboni, bega limekakamaa, misuli imelegea, leo umvishe mikanda asichoke? Lazima achoke. Aanze na bega lenyewe bila kuvaa chochote, ainue mkono mbele mpaka juu, apeleke pembeni, azungushe, asukume mabega mbele na kurudisha, akunje na kunyoosha kiwiko mpaka mwisho, asubuhi na jioni.

Kuvaa aanze na nusu saa tu kisha avue mkague ngozi. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwahiyo gusa usikie kama pana joto au mbonyeo, na alama ikikaa zaidi ya dakika ishirini soketi, yaani lile kopo linaloingia kigutu, inambana, arudi kwa fundi aliyetengeneza, msipachike matambara ndani. Ngozi ikiwa safi aongeze muda kidogo kidogo. Na kwa joto la huko soketi ioshwe kwa sabuni kila jioni ikauke.

Kushika aanzie vitu vigumu, kipande cha ubao, kopo, akiweza ndo aende kwenye kikombe cha plastiki, mkate, ndizi mbivu. Ndoano haina hisia, macho ndo yanamwambia kama amebana sana. Na asitegemee mkono wa kulia ufanye kila kitu kama zamani, kuandika na kula ajifunze kwa kushoto, ndoano kazi yake kushikilia: karatasi isiteleze, sufuria wakati anasonga ugali (chuma hakiungui, hapo kawashinda wenye mikono miwili), mpini wa jembe.

Aende idara ya fiziotherapia (mazoezi ya viungo) hospitali ya rufaa ya mkoa, ikibidi aombe rufaa KCMC Moshi, pale kuna TATCOT inayofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Akifika aseme kabisa kazi ipi anaitaka kwanza, kulima au kupanda baiskeli au kufunga vifungo vya shati, ili mazoezi yapangwe kwa kazi hiyo. Wewe nenda naye uone anavyofundishwa, maana nyumbani wewe ndo utamkumbusha.