Nati ya oili ya gia boksi haifikiki

SWALI: Habari fundi, niko Uyole hapa Mbeya, gari yangu ni manyuo (ya gia za mkono), nataka kumwaga oili ya gia boksi ila nati ya chini ni ya elenki (ile yenye tundu la pembe sita) na imebanwa na chasisi, racheti haipiti kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, tafadhali sana, maana ukishamwaga oili halafu ya juu ikagoma basi gari imelala hapo hapo. Na kwa baridi ya Uyole oili inakuwa nzito, kabla hujafungua nati yoyote tembeza gari kidogo ipate joto, kisha iweke kwenye stendi imara, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Sasa hiyo nati, toa tope lote kwenye tundu lake, kwa sababu elenki isipozama vizuri inakula kona na hapo kazi inakuwa ngumu kweli, halafu katisha kipande kifupi cha elenki ya saizi hiyo, kichomeke, kizungushe kwa spana ya ringi, hiyo inapita hata penye nafasi finyu. Ukirudisha weka wosha mpya, ujaze mpaka oili ichuruzike tundu la juu, gari ikiwa imekaa sawa.