Re: Mwanangu anavuja damu lakini vipimo ni kawaida

Pole sana dada. Unasema kitovu kilivuja damu siku kadhaa, sasa ana miezi 10, kajikata mdomo, damu ikakata, kesho yake ikaanza upya, na PT na APTT (vipimo vya muda wa damu kuganda) zote ni kawaida. Mimi ningeshikilia hapo kwenye kitovu. Vipimo hivyo viwili havioni fakta 13, ile protini ya damu inayokaza bonge la damu likishaganda. Ikikosekana, damu inaganda vizuri tu, kisha bonge linalegea na kuachia. Omba kipimo cha fakta 13 chenyewe, na sampuli ichukuliwe kabla hajaongezewa damu au plazma (maji ya damu), la sivyo majibu yatawadanganya.

Upungufu huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo mtaulizwa kama mna undugu. Sisi tulipoulizwa, mama mkwe alinuna wiki nzima.

Fakta hii hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi moja ya kuiongeza kila wiki 4 hivi huwatosha wengi. Isipopatikana, hutumika kriopresipiteti (sehemu ya plazma yenye fakta hii kwa wingi) au plazma yenyewe. Aspirini na ibuprofeni usimpe kabisa. Na akigonga kichwa, kimbia hospitali hata kama anacheka, maana damu kuvujia kwenye ubongo ndiyo hatari kubwa kwa watoto hawa.