Hilux ya mzee: anza na chesi (fremu ya chini)

Salama mkuu. Umesema Hilux ya mzee ya miaka ya 70 imelala Moshi, unataka kuishusha ikae chini zaidi na kuiwekea injini ya Toyota 22R ya lita 2.4, hujui uanzie wapi.

Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesi nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikilia. Ikilia ting, nzima. Ikilia puf na unga mwekundu ukakudondokea machoni, kutu imeshakula. Mimi nilikimbilia injini, nikaja kuitoa tena ili fundi achomelee. Hela mara mbili!

Breki za mbele zikiwa bado za dramu, weka za diski kabla ya kuongeza nguvu. Kushuka Marangu hadi Himo si mchezo. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini pita TRA (mamlaka ya mapato).

Mikwaruzo ya magunia ya kahawa kule nyuma? Mimi ningeiacha.