Kwa nini Ash anakomaa Sinnoh halafu anarudi utotoni Unova

Mkuu, umeuliza kwa nini Ash, shujaa wa katuni ya Kijapani ya Pokémon, anakomaa Sinnoh, halafu akifika Unova anakuwa kama hajawahi kushika Pokémon (viumbe anaowafunza kupigana) maishani. Kila msururu wa katuni hiyo huitwa kwa jina la eneo anakosafiri. Nionavyo mimi, kila msururu mpya hutafuta watoto wapya wa kuutazama. Ule wa Unova ulioanza 2010 uliendana na gemu zilizotaka kuanza upya kabisa, kwa hiyo na shujaa akarudishwa nyuma. Pikachu, Pokémon wake mkuu, anaishiwa umeme, Ash anashindwa na Trip, kijana aliyeanza safari siku hiyohiyo! Na huyu Ash ndiye aliyetoka kumshinda mpinzani wake wa Sinnoh, Paul, kwa kutumia Pokémon aitwaye Infernape, yule yule ambaye Paul alimtupa akiwa bado Chimchar, yaani kabla hajakua na kubadilika umbo. Inauma kweli.

Kalos (2013) wakamrudishia utulivu wake. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni pale anaposhindwa na Wulfric, mmoja wa viongozi wa gym anaopaswa kuwashinda, anakimbilia msituni kwenye theluji peke yake, na Serena, msafiri mwenzake, anamfuata na kumwambia waziwazi kwamba huyu si Ash anayemjua. Waandishi walijua kabisa wamemjenga mtu wa namna gani.

Alola wengi waliilaumu kwa sababu ya michoro na utani mwingi. Mimi naitetea. Anaishi nyumbani kwa Profesa Kukui, anasoma shule, anamsindikiza Litten, Pokémon mdogo, kwenye msiba wa Stoutland, mzee aliyemlea, bila kumharakisha. Na huyohuyo mnayemwita mtoto ndiye aliyebeba ubingwa wa ligi ya Alola mwaka 2019.

Anza na Sinnoh, kisha Kalos. Unova iache mwisho.