Maswali na Majibu: Mchapishaji, Msambazaji na Haki Yako

Nikipata ISBN, kitabu changu kitakuwa kimelindwa kisheria?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, na ninaomba lisirudi tena: ISBN ni namba ya tarakimu 13 ya kutambulisha toleo, ilhali ulinzi hutokana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, nao huanza pale unapoiandika kazi yako.

Mchapishaji ananiahidi mrabaha (fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa) wa asilimia 10 kwa riwaya yangu, lakini rafiki ananishauri nijichapishie nipate faida yote. Nifuate lipi?

Anayejichapishia humlipa mhariri, msanifu wa jalada na mchapaji (mwenye mitambo ya kuchapa) kabla ya kuuza hata nakala moja, kisha huvipeleka vitabu madukani kwa mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, na kungoja miezi, huku kila duka likikata chake. Ukiwa na wasomaji wanaokufahamu, jichapishie kwa nakala chache, lakini usimkwepe mhariri, kwa sababu msomaji aliyechoshwa na makosa ya tahajia harudi. Ukilenga shule, ambako kitabu huhitaji ithibati, tafuta mchapishaji anayeijua njia hiyo.

Kuhusu asilimia 10, uliza ni ya bei ipi. Kitabu cha shilingi 10,000 duka likikinunua kwa punguzo la asilimia 40, mrabaha wa bei ya jalada ni shilingi 1,000, na wa fedha alizopokea mchapishaji ni 600. Tena, anayekudai gharama zote za kuchapa ni mchapaji, hata akijiita mchapishaji. Mlipe kwa kazi yake, usimpe haki zako.

Msambazaji anataka kununua masta (nakala kuu) ya filamu yangu pamoja na haki zake kwa mkupuo. Nina madeni ya waigizaji. Niuze?

Usiuze haki zote. Ninajua deni linavyobana, na ndiyo maana wasanii wetu wengi walikabidhi masta Kariakoo enzi za DVD, kisha filamu zilezile zikaonyeshwa kwenye televisheni na mtandaoni bila wao kupata senti. Mpe leseni ya miaka mitatu, kwa eneo na njia zilizotajwa moja moja, na yale yasiyotajwa yaandikwe kuwa yamebaki kwako. Akikataa kabisa, kubali malipo ya awali yaliyo madogo zaidi badala ya kumwongezea haki.

Naweza kuiweka filamu yangu YouTube mwenyewe?

Ndiyo, ikiwa una kibali cha maandishi cha kila wimbo uliomo.